Sigara Mbili za Jumamosi

Mama mkwe wangu alikuwa anavuta sigara kama mtu aliyeajiriwa kuvuta. Akiamka, sigara. Akimaliza chai, sigara. Akija jikoni kunisimamia nikipika, na alikuja kila siku ya Mungu, sigara iko mdomoni, majivu yananing'inia juu ya sufuria yangu, halafu yeye ndiye anayeniambia mimi sina usafi. Jina lake Masuda, lakini mtaani kwetu Battawin, Baghdad, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Naji, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na huyo Naji ndiye mume wangu.

Siku moja tu kwa wiki hakugusa. Ijumaa jua likizama anazima ya mwisho, na kwa sababu Sabato sisi Wayahudi hatuwashi moto wa aina yoyote, hawashi tena mpaka Jumamosi jioni nyota tatu zitoke. Basi umwone Mama Naji Jumamosi alasiri! Hasemeshwi. Anamgombeza paka, anaigombeza feni, ananigombeza mimi kwa kosa la kupumua. Magharibi ikikaribia yuko juu ya paa na kikebe chake cha bati mkononi, sigara zote kazisokota tangu Ijumaa mchana na kuzipanga humo, ili nyota ya tatu isije ikamkuta anahangaika na tumbaku.

"Naji, wewe una macho mazuri. Ile pale si nyota?"

"Ile ndege ya jeshi, mama."

"We ihesabu tu."

Mimi na yeye hatukupendana, na wala hatukufichana. Yeye aliamini mwanawe angepata mke bora. Mimi niliamini angeweza kupata mama bora. Tulipikana hivyo miaka saba kwenye chungu kimoja.

Sasa, hayo mengine. Watu huniuliza, mlikaa mkingoja nini? Hayakuja kwa kishindo, ndugu yangu. Yangekuja kwa kishindo tungekimbia mapema. Baada ya vita vya Waarabu na Wayahudi vya mwaka sitini na saba, serikali ilianza na simu. Siku moja tu, simu za Wayahudi wote kimya. Mama Naji akasema afadhali, dada yake alikuwa akimchosha. Halafu Naji akaachishwa kazi kwenye kampuni ya dawa, na bosi wake, Mwislamu mtu mwema, alilia kuliko Naji mwenyewe. Halafu vitambulisho vyetu vikatiwa rangi ya njano, ili hata askari asiyejua kusoma atujue. Halafu pesa zetu benki zikafungiwa, unapewa kidogo kidogo kama mtoto anayepewa ya peremende. Halafu vijana wetu wakakataliwa chuo kikuu. Kila likija jipya tulisema, haya, hili ndilo la mwisho, sasa wameridhika. Binadamu ukimbomolea nyumba tofali moja moja, hatoki. Anasogeza kiti.

Halafu Chama kikapindua serikali, kikachukua nchi, ndipo nikajua kwamba yote yale yalikuwa salamu tu. Wakaanza kuchukua wanaume. Januari moja ya baridi kali wakawanyonga watu uwanjani katikati ya mji, wengi wao wetu, wengine vijana ambao ndevu zilikuwa hazijakamilika, eti majasusi. Redio iliwaita watu waende kutazama. Wakaenda. Wakaenda na watoto na vyakula. Mimi nilifunga madirisha yote na bado nilizisikia shangwe. Mpaka leo mtu akinipigia vigelegele karibu na sikio, hata kwenye harusi, natoka nje.

Fuad, mdogo wake Naji, alikwenda kunyoa nywele asirudi. Kinyozi alisema walimchukua akiwa na sabuni bado shavuni. Mama Naji akawa anakwenda kila asubuhi kwenye lango la gereza na shati safi lililopigwa pasi. Mlinzi analipokea, anamrudishia chafu, naye anarudi nyumbani kulifua. Shati chafu lilimpa moyo, maana maiti hachafui shati. Kisha siku moja mlinzi akamwambia, "Usilete tena, mama." Basi. Hakuna sababu, hakuna mwili, hakuna kaburi. Akarudi nyumbani na shati safi mkononi, akapanda juu ya paa, akavuta sigara moja baada ya nyingine mpaka nikaogopa. Hakulia mbele yetu. Jumamosi ile ilipofika hakugusa kikebe, akangoja nyota zake kama kawaida. Mimi moyoni nikasema mwanamke huyu ana jiwe kifuani. Mungu gani bado anamwekea adabu?

Naji aliitwa Usalama mara mbili. Mara ya pili alirudi kiatu kimoja kakishika mkononi, mguu hauingii. Na kila mtu mtaani alijua kwamba ukiitwa mara ya tatu, mkeo aanze kutafuta nguo nyeusi. Mimi tumbo langu lilikuwa limeshakuwa kubwa, mimba ya kwanza baada ya miaka yote ile ya kunyooshewa vidole. Nilimwambia Naji waziwazi, "Mimi sizai mtoto wa kupeleka mashati gerezani. Tunaondoka, au naondoka."

Kuondoka si kusema. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na gari la kijivu, ndani yake mwanausalama mwenye suti, kutwa anatafuna mbegu za maboga na kutema maganda barabarani. Mama Naji alimwita Bwana Mbegu. "Marsel, ukitoka nisalimie Bwana Mbegu. Mwambie azoe uchafu wake." Bwana Mbegu alikuwepo usiku na mchana, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa mchana alikwenda kuswali, na haonekani tena mpaka Jumapili. Kwa nini? Kwa sababu Ijumaa jioni inaanza Sabato, na Wayahudi Sabato hawapandi gari. Kila mtu Baghdad alijua hivyo. Serikali ile haikutuamini kwa lolote chini ya jua, lakini Sabato yetu iliiamini.

Kumbe mlango ulikuwa hapo hapo.

Mtu wetu alikuwa Mkurdi, dereva wa teksi za kwenda kaskazini, Kaka Sherzad. Alikuwa ameshavusha ndugu zetu wengine kupitia milima ya kwao hadi Uajemi. Mpango wake mwepesi: Ijumaa mchana tunatoka na vikapu kama tunakwenda kuzuru mtu, tunalala Arbil kwa dada yake, Jumamosi tunapanda milimani kama familia ya Kirkuk inayokwenda kupunga hewa. Alitutafutia vitambulisho vya watu wengine, vya rangi ya watu wengine.

Mama Naji aliposikia alicheka kwanza. "Kupanda gari Sabato? Mimi? Afadhali Bwana Mbegu anioe."

Tukamletea rabi nyumbani. Mzee wa watu akamweleza taratibu kwamba kuokoa roho kunaipita Sabato, na kwamba hapa roho si moja, ziko nne pamoja na iliyomo tumboni. Akamsikiliza huku anavuta. Mwisho akasema, "Sawa. Nitakaa. Kukaa si kazi. Gari likienda, shauri la gari."

Naji akambusu mkono, rabi akapumua. Ya sigara hakuna aliyeyafikiria. Rabi hakuulizwa, sisi hatukuwaza. Utawazaje? Siku unayookoa roho yako unafikiria vizuizi na risasi, hufikirii tumbaku ya mama mkwe.

Ijumaa ile asubuhi nilipika kuku wa Sabato kama kila wiki. Nilimjaza wali na viungo, nikaupandisha mwingine juu yake, mayai kwenye kifuniko, mablanketi juu, moto wa jiko la mafuta ya taa chini kabisa, apikike mwenyewe hadi kesho. Harufu ile ilitakiwa ijaze kichochoro, yeyote akipita ajue Wayahudi wapo ndani wanalala. Jirani yetu Mwislamu, Mama Kasim, ndiye aliyekuwa anakuja kila Jumamosi asubuhi kutuzimia jiko. Nilipomwambia tu, "Kesho uje kama kawaida," alinitazama, akatazama tumbo, akaelewa.

"Nitakuja," akasema. "Na kuku?"

"Kuleni na watoto."

Akanikumbatia mpaka mtoto akanipiga teke. Mama Kasim hakuwahi kuniambia neno la siasa hata siku moja, na nyumba yangu nilimwachia yeye kuliko ndugu yeyote.

"Chumvi umetia?" Mama Naji akauliza mlangoni, kajitanda abaya yake, kapu mkononi.

"Nimetia."

"Umeonja?"

"Mama, tunakimbia nchi!"

"Ndiyo maana nauliza. Watu watatukumbuka kwa chungu hicho."

Tukatoka. Gari la kijivu halikuwepo, maganda tu ya mbegu barabarani. Nilitembea taratibu kama mjamzito anayekwenda kwa shangazi yake, na kila hatua mgongo unawasha kama kuna jicho limebandikwa.

Garini Kaka Sherzad alitupa masharti. Mimi na Naji tulisoma shule za mji, tunaweza kuzungumza kama Waislamu. Lakini Mama Naji alikuwa na Kiarabu cha Wayahudi wa Baghdad, cha nyumbani, kilichoiva. Akitamka salamu tu tumekwisha.

"Bibi," akasema Kaka Sherzad, "kuanzia hapa wewe ni bubu. Na kiziwi kidogo. Mpaka nikuambie."

Mimi sikuweza kujizuia. "Ee Mola, nimeomba hili miaka saba!"

Mama Naji alinitazama jicho moja tu, na jicho lile lilisema maneno mengi. Lakini mdomo ulifungwa, na haukufunguka. Jua lilipozama tukiwa njiani, alizima sigara yake ya mwisho kwenye soli ya kiatu, akafunga kikebe, akakirudisha kapuni juu ya mkate. Hakuna aliyemwona kama anafanya jambo la ajabu. Tulikuwa tumezoea.

Jumamosi ile joto lilikuwa la kuchoma mayai. Tuliondoka Arbil asubuhi, na kabla barabara haijaanza kupanda milima palikuwa na kizuizi cha mwisho cha serikali. Ukikipita hicho, mbele ni kwa Wakurdi. Kaka Sherzad alituonyesha kwa kidevu: mapipa mawili, mti wa kuinua, vijana wenye bunduki, na kivulini sajini mmoja wa makamo mwenye masharubu ya mvi.

Sajini alikuja mwenyewe. Akachukua vitambulisho, akatazama.

"Mnakwenda wapi, Bwana?"

"Shaqlawa, huko milimani, sajini," akasema Naji. "Mke wangu unamwona hali yake. Joto la Kirkuk limemshinda."

"Na huyu?"

"Mama yangu. Hasemi, masikini. Bubu."

"Allah amjalie," akasema sajini, na alisema kwa moyo. Alikuwa karibu kutufungulia njia. Nilikwishaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo akasema, kama desturi tu, "Fungua kapu tuone."

Mkate, nyanya, tende, shati la kiume lililokunjwa vizuri, na juu yake kikebe. Akakifungua. Sigara zimepangwa humo moja baada ya moja, nyembamba, sawasawa, kikebe kimejaa pomoni.

"Mashallah! Bibi, hii kazi ya mikono yako?" Akacheka kwa furaha kabisa. "Tangu mama yangu afariki sijaona sigara iliyosokotwa hivi. Naruhusiwa?"

Mama Naji akaitikia kwa kichwa. Ukarimu alikuwa nao. Sajini akaiweka moja mdomoni, akatoa ya pili, akawasha kiberiti, na kwa adabu ya kwetu, kwamba huvuti tumbaku ya mkubwa huku yeye anakutazama, akaiwasha ile ya pili kwanza akampa yeye.

Mama Naji akatikisa kichwa.

"Chukua, Bibi. Nitavutaje peke yangu?"

Akatikisa tena.

Nikaingilia, "Kifua kinamsumbua, sajini."

Sajini akamtazama mkono. Ole wetu! Vidole vile viwili vilikuwa vya manjano kama aliyevichovya kwenye bizari. "Kifua gani na vidole hivi, dada? Na kikebe kimejaa hivi?" Bado alikuwa anacheka. Akachuchumaa dirishani, akamtazama Mama Naji usoni kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Mimi nimekulia Hilla," akasema. "Zamani, kabla hawajaondoka, jirani yetu alikuwa bibi mmoja Myahudi. Naye hivyohivyo. Wiki nzima moshi kama tanuri la mkate, siku moja hagusi. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kumpulizia moshi dirishani. Alikuwa anatulaani! Laana tamu, sijasikia tena." Akatikisa kichwa. Halafu kicheko kikamwisha taratibu, nikakiona kinavyokwisha.

"Leo si Jumamosi?" akasema.

Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea gari akasimama wima. Kaka Sherzad mikono iko kwenye usukani, vidole vyake vimekuwa vyeupe. Naji alinishika goti. Nilimwona Fuad na sabuni shavuni. Nilimwona Naji langoni kwa ndani na mimi kwa nje, shati mkononi. Yote hayo kwa kitambo cha njiti ya kiberiti kuwaka.

"Vuta, Bibi," akasema sajini. Sauti haikuwa tena ya mgeni na mwenyeji.

Nilitaka kumpigia magoti yule mwanamke. Mimi niliyemfukuza na moshi wake jikoni, niliyeficha kiberiti, niliyesema mbele ya watu kwamba nyumba yangu inanuka kwa ajili yake! Vuta, mama. Vuta, nakuomba, vuta. Siwezi kusema, yeye hawezi kusema. Alikuwa ametazama mbele tu. Tangu amezaliwa, wakati wa mfalme, wakati wa fujo za kuwapora Wayahudi mwaka arobaini na moja walipovunjiwa mlango, wiki walipomwambia usilete shati, hakuwahi kugusa moto Sabato.

Akageuka. Hakunitazama usoni. Alitazama tumbo langu, kama unavyotazama mtu unayetaka kumwambia jambo. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua sigara, akaiweka mdomoni.

Akavuta. Sajini hakuondoka. Alibaki amechuchumaa, yake hajaiwasha, anamtazama kila akivuta. Mama Naji akavuta mpaka mwisho, mpaka moto ukafika kwenye vidole. Nikasema moyoni sasa basi, tumepita.

Lakini sajini bado alikuwa pale. Macho yake hayajatosheka, maana mtu yeyote akiona bunduki anaweza kujilazimisha moja.

Ndipo Mama Naji akapiga kidole, ta!, kama anavyomwita mhudumu wa chai, akaonyesha kikebe. Sajini akampa, kashangaa. Akachagua nyingine, kwa raha zake, akaigeuza, akaiwasha kwa kipande cha ile ya kwanza. Akaegemea kiti. Akavuta pumzi ndefu ambayo sijaona mtu akivuta, akainua uso juu, akautoa moshi wote dirishani kuelekea mbinguni, taratibu, macho wazi. Akarudia. Moshi ukampitia sajini usoni, Mama Naji hakujali. Hakuwa anamtazama sajini.

Sajini akaangua kicheko. Akasimama, magoti yakalia. "Hapana," akawaambia vijana wake, "nimekosea. Yule wa kwetu angekufa kwanza." Akachota sigara kadhaa kutoka kwenye kikebe, akazitia mfukoni, akapiga paa la gari kwa kofi. "Haya, nendeni mkapunge hewa. Bibi, kapunguze, utakufa!"

Mti ukainuliwa.

Kona ya tatu Kaka Sherzad akaanza kuimba Kikurdi kwa sauti ya juu na mbaya, huku anagonga usukani. Naji alilia kama mtoto, kamasi na yote. Mimi nilicheka, sikuweza kuacha, nikacheka mpaka tumbo likakaza na Naji akaogopa nitazaa pale pale. Mama Naji aliimaliza sigara yake ya pili, akaitupa nje, akafunga kikebe. Bado bubu. Kaka Sherzad alimwambia Bibi sema sasa, hapa ni kwetu, hakuna serikali. Akatikisa kichwa.

Barabara ikapanda, hewa ikawa baridi, harufu ya mito na majani. Kwenye mpaka watu wa Kaka Sherzad walinipandisha nyumbu, wengine wakatembea, na jua lilikuwa bado halijazama tulipofika upande wa pili. Askari wa Kiajemi walitutandikia zulia mbele ya kituo chao. Ndiyo hivyo tu. Miaka yote ya kuogopa, na mwisho wake ni zulia na askari anayepiga miayo. Nililala chali pale pale, sikujali nani ananiona. Hakuna gari la kijivu. Nilipumua mpaka mbavu zikauma, nikagundua kwamba kwa muda mrefu sana nilikuwa napumua nusu.

Giza likaanza kuingia. Mama Naji akaketi kwenye ukingo wa zulia, kikebe mapajani, uso juu.

Naji akawasha kiberiti, akamsogezea. Mama Naji akakizima kwa pumzi. Akaonyesha mbinguni: nyota moja, ya pili ndiyo kwanza.

"Mama," nikasema, "leo si umeshavuta? Mbili! Unangoja nini tena?"

Hakunijibu. Akangoja. Na nilipomwona anangoja, mwanamke aliyevuta sigara mbili adhuhuri ya Sabato, bado ameinua shingo kuitafuta ya tatu, moyo wangu uliopoa kwake miaka saba ukapata moto wote kwa mara moja. Nilisogea nikaketi karibu naye, bega kwa bega, nikaitafuta na mimi. Mimi ndiye niliyeiona kwanza.

"Ile pale, mama. Juu ya mlima. Na si ndege ya jeshi."

Akaitazama. Akafunga macho, midomo ikasoma dua yake. Kisha akafungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kwa Kiarabu chetu, chote, kwa sauti:

"Chumvi hukutia, Marsel. Nilionja ulipogeuka."

Hakunyamaza tena. Alizungumza usiku kucha, alizungumza Tehran, alizungumza kwenye ndege, na wiki sita baadaye alimwambia binti yangu maneno ya kwanza aliyosikia hapa duniani. Mtoto tulimfunika kwa shati la Fuad. Lilikuwa limepigwa pasi.

Ya sigara hatukuyagusa mpaka amezeeka. Tulikuwa Ramat Gan, tulikohamia, Jumamosi jioni, yeye na kikebe chake barazani, binti yangu anamhesabia nyota na kumbishia kama baba yake. Nikamuuliza. Nilitaka kujua siku zote.

"Mama, ile ya kwanza naijua, ilikuwa ya mtoto. Ile ya pili hukulazimishwa. Ulikuwa na hamu?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Ya kwanza ya mtoto," akasema. "Ya pili nilimpulizia Mungu usoni. Kwa ajili ya Fuad. Nilikuwa nimemwekea adabu muda mrefu sana, Marsel, nikasema leo na Yeye akohoe kidogo."

Nilimshika mkono, akaniacha niushike.

"Na Yeye?"

"Yeye aliinua ule mti, tukapita." Akautoa mkono wake, akaanza kutafuta kiberiti. "Tukasameheana. Sasa sogea huko, unaniziba nyota."